Mama anatakiwa kuwekewa simenti kwenye pingili za mgongo. Nimuulize nini daktari kabla sijasaini?

Mwana wa Pongwe

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Naomba anayelifahamu jambo hili anisaidie, maana Jumatatu natakiwa kurudi hospitali na jibu.

Mama yangu ana miaka 71, tunaishi Tanga. Wiki tano zilizopita aliinama kunyanyua ndoo ya maji ya lita 20 nyuma ya nyumba, akasikia kitu kimelia "ka!" kiunoni. Hakuanguka. Alikaa palepale kwenye kizingiti cha jiko mpaka jirani akaja kumwinua. Tukajua ni msuli, tukamkanda kwa maji ya moto siku nne nzima. Mpaka leo kugeuka kitandani ni kilio, chooni anapelekwa na watu wawili, na usiku analala ameegemea mito. Dawa za maumivu zimemfunga choo na kumpa kizunguzungu.

Eksirei imeonyesha pingili mbili zimebonyea, zile wanazoziita T12 na L1, yaani ya mwisho ya kifuani na ya kwanza ya kiunoni. Daktari bingwa anasema mifupa imepungua nguvu kwa umri, na anataka kumdunga simenti ndani ya pingili zote mbili. Kasema ni sindano tu, hakuna kupasua, kesho yake anarudi nyumbani. Nilipomuuliza hatari zake akajibu "zipo, ila ni chache", mara akaitwa wodini. MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, hajafanyiwa. Kingine, mama anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, mwaka wa tatu huu kwa sababu ya moyo kudunda bila mpangilio.

Mjomba anasema hiyo simenti inaweza kukimbilia moyoni na amekataa katakata. Dada yangu anataka ifanyike hata kesho. Mimi ndiye wa kusaini. Naomba kujua madhara yenyewe ni yapi na nini hufanywa ili yapungue.

Mzaramo wa Kisarawe

Pole sana mkuu. Mzee wangu aliwekewa, pingili moja tu. Aliingia amebebwa, jioni akasimama mwenyewe kwenda kukojoa. Sitasahau alivyotuangalia.

Ila nikwambie lililotuuma. Baada ya hapo hakuna aliyeshughulika na mifupa yenyewe. Tuliona amepona, basi. Mwezi wa nne akapanda daladala, ikaruka tuta, pingili ya juu yake ikavunjika. Daktari wa pili ndiye aliyetuuliza, "Anatumia dawa gani ya mifupa?" Tukatazamana. Hakuwa na hata moja. Uliza hilo mapema, usingoje kama sisi.

Sista Mstaafu

Marahaba mwanangu, na mama mpe pole zangu. Nilikuwa nesi wa chumba cha upasuaji miaka 19. Saba ya mwisho nilikuwa Muscat, na huko kila Jumanne kazi yangu ilikuwa moja: kuchanganya hiyo simenti. Ninayokuandikia hapa nimeyashika kwa mikono yangu.

Kwanza uijue. Si simenti ya nyumba, ni aina ya plastiki, wenyewe wanaiita PMMA. Inakuja kwa sehemu mbili: unga mweupe na kichupa cha maji yenye harufu kali kama ya rangi ya kucha. Ndani ya unga kuna bariamu au kitu cha namna hiyo ili ionekane kwenye eksirei, maana bila hivyo daktari angesukuma asichokiona. Ukishachanganya, mwanzoni ni nyepesi kama uji wa mgonjwa. Baadaye inakuwa kama dawa ya meno inayotoka kwenye tyubu. Halafu inakaza kama ugali wa dona, inapata moto yenyewe, inakuwa jiwe. Zinazotakiwa ni zile dakika za katikati tu.

Kila nikichanganya nilikuwa nabakiza kipande kidogo kwenye glovu, ukubwa wa punje ya mahindi, nakiviringisha kwa vidole viwili. Kikiwa bado kinanata, daktari akinyoosha mkono kutaka bomba namwambia "bado". Kikiacha kunata na kubaki na alama ya kidole, nampa. Kikianza kuwa na vuguvugu, namwambia aache. Daktari mmoja mwenye jina kubwa alikuwa anasubiri punje yangu kama mwanafunzi, na kwa hilo nilimheshimu kuliko kwa vyeti vyake vyote.

Kwa nini nang'ang'ania hapo? Kwa sababu ndani ya pingili si mfupa mgumu mtupu. Ni kama sponji iliyojaa damu, na damu hiyo ina njia za kutokea. Simenti ikisukumwa ingali uji, hufuata njia ya damu. Ikitokea nyuma inaingia kwenye mfereji wa ugwe wa mgongo. Ikitokea pembeni inagusa mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Ikiingia kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, inapanda hadi vena kubwa, inapita upande wa kulia wa moyo na kukwama kwenye mapafu. Kwa hiyo mjomba wako hajakosea kabisa, apewe haki yake. Mara nyingi vipande vinavyofika mapafuni ni vidogo na mgonjwa hasikii chochote, lakini si kila mara.

Nikuambie siku niliyojifunza. Ilikuwa hapa nyumbani kabla sijaondoka, hospitali sitaitaja. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa tangu asubuhi na chumba kilikuwa cha moto. Simenti huwa inakuja na karatasi inayoonyesha joto la chumba na dakika utakazopata. Chumba kikiwa cha moto dakika zinapungua sana. Hatukuiangalia. Pakiti ya kwanza ikakaza ndani ya mabomba kabla hatujafika pingili ya pili. Daktari akaogopa kupoteza na ya pili, akaanza kusukuma ingali nyepesi. Mgonjwa alikuwa baba mmoja fundi cherehani, amelala kifudifudi, tumempa ganzi tu, hakulazwa usingizi. Ghafla akapiga kelele: "Paja linawaka! Paja linawaka!" Tukaacha palepale. Picha ikaonyesha simenti imetoka pembeni na kugusa mshipa. Alitibiwa kwa dawa na sindano ya kutuliza uvimbe, na wiki za mbele maumivu yakaisha, lakini yule baba alipita kwenye mateso ambayo karatasi moja ingeyazuia. Muscat tulikuwa tunapoza unga na kichupa kwenye friji kabla, na mabomba tunayalaza kwenye maji baridi. Hakuna gharama hapo.

Angalia pia kilichomwokoa: alikuwa macho. Angekuwa kwenye nusu kaputi asingesema. Si kila mgonjwa anaweza kuvumilia ganzi peke yake, wapo wanaolazwa usingizi kwa sababu za msingi, ila uliza mama atakuwa wa namna gani.

Jambo la pili ni macho ya daktari. Muscat chumba kilikuwa na mashine mbili za eksirei zinazotazama kwa pamoja, moja kwa juu na moja kwa ubavu. Hospitali zetu nyingi zina moja tu, ile yenye mkono uliopinda kama herufi C, na inabidi izungushwe. Moja inatosha kabisa kama watu wanaizungusha kweli. Hatari inakuja daktari akiona simenti inakaza, akaona hakuna muda wa kuzungusha, akabaki na picha ya upande mmoja. Picha ya ubavu ndiyo inayoonyesha simenti inavyoelekea nyuma kwenye ugwe. Niliofanya nao kazi walikuwa na mpaka wao: ikifika theluthi ya nyuma ya pingili, wanaacha, hata kama inaonekana haijajaa. Na wanasukuma kwa bomba dogo la mililita moja, kidogo, wanatazama, kidogo tena.

Siku moja niliona kwenye kioo uzi mweusi mwembamba kama unywele ukitoka ubavuni mwa pingili na kupanda. Daktari akasema "simama" kwa sauti ya chini. Kila mtu akatulia, nikaangalia saa ya ukutani, tukangoja dakika nzima. Ile simenti iliyokuwa mlangoni ikakaza ikawa kizibo. Akageuza mdomo wa sindano upande mwingine, akaongeza nusu mililita, uzi haukurefuka tena. Mgonjwa akapelekwa kupigwa picha ya kifua, ikawa safi. Nikikumbuka daktari mzuri namkumbuka huyo, aliyeweza kungoja dakika moja watu sita wakimtazama.

Usidanganyike kwamba simenti nyingi ndiyo dawa. Mililita mbili hadi nne kwenye pingili ya kiuno mara nyingi zinatosha. Kuna wanaotumia puto kwanza, wanalijaza ndani ya mfupa ili kutengeneza nafasi, halafu simenti nzito inaingia bila kulazimishwa. Inasaidia kupunguza kuvuja, ila bei yake ni kubwa, na ukiniuliza mimi mikono ya daktari ni muhimu kuliko puto.

Sasa ya mama yako. Warfarin isiachwe nyumbani kwa maamuzi yenu. Daktari wa moyo ndiye aseme lini aache na kama atahitaji sindano nyingine kwa siku hizo. Damu ipimwe INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, siku moja kabla, na wengi wanataka iwe 1.5 au chini. Mkojo na kifua vikaguliwe, kama kuna maambukizi popote mwilini shughuli iahirishwe, maana mdudu akikaa kwenye simenti hatoki kwa vidonge. Antibayotiki ya kinga inatolewa ndani ya saa moja kabla.

Na hili nakuomba kwa herufi kubwa moyoni: TB YA MGONGO. Kwetu huku pingili mbili zinazofuatana kubonyea, tena hapo T12 na L1, si lazima iwe uzee. TB inapapenda hapo hapo. Ukiweka simenti juu ya TB umemfungia mgonjwa ugonjwa ndani. Anakohoa? Amekonda? Anatoka jasho usiku? Eksirei peke yake haitoshi. MRI inaonyesha kama ile gegedu kati ya pingili imeliwa, na kwenye TB mara nyingi huwa imeliwa, wakati kwenye udhaifu wa mifupa huwa imebaki. Saratani nayo huweza kujificha hapo. Wasiwasi ukibaki, wachukue kinyama kwa sindano kipelekwe maabara kabla ya simenti.

Tabibu wa Bara

Dada yangu hapo juu ameeleza vizuri sana na sina cha kurekebisha. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani na naongeza upande ambao bado haujasemwa: njia ya uhakika kuliko zote ya kukwepa madhara ya sindano hii ni kutoifanya kwa asiyeihitaji.

Ilianzia Amiens, Ufaransa, mwaka 1984, kwa mgonjwa mwenye uvimbe wa mishipa ya damu kwenye pingili ya shingo. Ikasambaa dunia nzima kabla haijapimwa sawasawa. Mwaka 2009 zikatoka tafiti mbili, moja ya wagonjwa 78 na nyingine ya 131, ambapo nusu walipata simenti na nusu walifanyiwa kila kitu isipokuwa simenti, wenyewe bila kujua. Maumivu yalipungua pande zote mbili kwa kiwango kilekile. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2018, watu 180, ukatoa jibu hilohilo. Lakini ule wa Australia wa 2016, watu 120, ulichagua wenye maumivu makali na mfupa uliovunjika chini ya wiki sita, na humo simenti ilisaidia. Nami nimeona wagonjwa wa namna hiyo wakiamka, siwezi kuwaambia wameota.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari wako ni hili: pingili ipi hasa ndiyo inayouma leo? Pingili iliyobonyea miaka mitatu iliyopita ikapona yenyewe nayo itaonekana imebonyea kwenye eksirei. MRI inaonyesha maji ndani ya mfupa uliovunjika karibuni, na uliopona hauna. Ukiweka simenti kwenye iliyopona umeongeza hatari bila faida yoyote.

Kuhusu kuvuja, msishtuke mkiisoma ripoti. Katika utafiti mmoja wa 2010 walipiga CT, eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani kwa vipande, baada ya sindano na kukuta simenti imetoka nje kidogo kwenye pingili 97 kati ya 134, na hakuna mgonjwa aliyepata dalili. Tone dogo likiwa kwenye gegedu ni tofauti kabisa na simenti iliyobana ugwe.

Na si simenti tu. Katika utafiti ule wa Australia mgonjwa mmoja alivunjika mkono wakati wa kuhamishiwa kwenye meza, na mwingine alisimama kupumua kwa dawa ya kumtuliza. Mwambie nesi mapema kwamba mama ana mifupa dhaifu, wamgeuze watu wanne.

Mwana wa Pongwe

Shikamoo mama Sista, na daktari asante sana. Nimesoma mara tatu, nimempigia mjomba nikamsomea. Alipofika pale panaposema hajakosea kabisa alitulia, tukaongea vizuri kwa mara ya kwanza tangu haya yaanze.

Mama hakohoi wala hatoki jasho, ila amekonda kidogo, nadhani ni kwa kutokula. Swali: wakisema MRI ni foleni ya wiki mbili, tukubali sindano kwanza? Anateseka mno.

Sista Mstaafu

Marahaba. Usikubali, mwanangu. Maumivu yanaweza kupunguzwa kwa njia nyingine wakati mnangoja, na hapo daktari atabadilisha dawa, akaongeza na ya kulainisha choo. Msimlaze siku nzima. Asimame na kutembea hatua chache akishikiliwa, mapafu na damu ya miguuni vinataka hivyo. Kisichongoja ni miguu kuishiwa nguvu, ganzi ya sehemu za siri, au mkojo kugoma. Mkiona hata kimoja, ni usiku huohuo hospitali.

Mwana wa Pongwe

Narudi na habari, siku ya 11 leo.

Nilimwandikia daktari maswali kwenye karatasi ya daftari la mwanangu. Nilidhani atakasirika. Akaketi, akayasoma yote, akasema MRI ifanyike kwanza, na akampigia mwenyewe mtu wa MRI tukapata nafasi siku ya tatu.

Majibu: L1 ndiyo mbichi. T12 imebonyea zamani na imepona, haina maji ndani. Gegedu kati yake nzima, hakuna usaha, hakuna dalili ya TB wala saratani. Mama alipoulizwa vizuri akakumbuka aliteleza msalani mwaka juzi na kuumwa mgongo mwezi mzima, hakutuambia. Kwa hiyo ni pingili moja, si mbili.

Daktari wa moyo alisimamisha warfarin siku tano. INR ikawa 1.3. Jana asubuhi wakamfanyia, kwa ganzi, watu wanne wamemgeuza kama Tabibu alivyosema, mito miwili kifuani na mmoja kiunoni. Mimi nilikuwa nje. Mama anasema kila baada ya muda mtu alikuwa anamwambia "bibi, chezesha vidole", naye anachezesha. Waliweka mililita tatu. Ripoti inasema tone dogo limetoka kwenye gegedu ya juu, na daktari akanieleza kabla sijauliza. Alilazwa chali kwa muda wa saa mbili, presha ikapimwa kila robo saa, jioni akakaa mwenyewe akanywa chai.

Maumivu hayajaisha, anasema yamebaki "ya kuvumilika". Leo amekwenda msalani ameshika ukuta tu.

Dawa ya mifupa: wamempima figo na vitamini D kwanza, atapewa sindano ya mara moja kwa mwaka. Mzaramo, hilo ni lako. Mama Sista, kuna chochote cha kuangalia wiki hii?

Sista Mstaafu

Alhamdulillahi. Muangalie pumzi. Kifua kikimbana au akihema kwa shida, msingoje asubuhi. Homa, au pale sindano ilipoingia pakivimba na kutoa maji, mrudishe. Maumivu mapya ya ghafla juu au chini ya L1 mpigie daktari, huenda ni pingili jirani. Warfarin airudie siku atakayoambiwa na daktari wa moyo, uiandike ukutani. Na muulize daktari aliyemdunga simenti walitumia nyuzi joto ngapi chumbani, nataka kujua tu.

Mwana wa Pongwe

Nimemuuliza. Kasema 20, na unga ulitoka kwenye friji.